Kupima Bangili ya Kaharabu Nyumbani Bila Kuiharibu: Mwongozo Kamili

Wasomaji wengi waliojaribu kupima bangili za kaharabu kwa maji ya chumvi wamerudi na lalamiko lilelile: bangili ilielea, wakaamini kuwa ni kito halisi, na baada ya muda ikaanza kunata na kupasukapasuka juu, au sonara akaichunguza na kuwaambia kuwa ni plastiki. Chumvi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kiasi cha chumvi, katika mpangilio wa vipimo, na zaidi ya yote katika kutegemea kipimo kimoja kumaliza kazi inayohitaji vipimo kadhaa vinavyofuatana.

Hoja ya mwongozo huu ni rahisi. Maji ya chumvi yaliyopimwa sawasawa huondoa bandia zote nzito. Tone la asetoni huondoa bandia mbili nyepesi zinazoelea pamoja na kaharabu. Lenzi, kwa upande wake, hushughulikia kile ambacho maji na asetoni haviwezi kukigusa, yaani kaharabu ya kushindiliwa, ambayo ni vipande vidogo vilivyogandamizwa kuwa donge moja. Kila hatua inajibu swali ambalo hatua nyingine haiwezi kulijibu, na ndiyo sababu hakuna inayofaa kurukwa.

## Vifaa vinavyohitajika

- Bakuli pana la kioo au plastiki linaloweza kuizamisha bangili nzima bila kuigusa kandokando.
- Chumvi laini ya mezani, gramu 50 kwa kila mililita 250 za maji.
- Mizani ya jikoni inayosoma hadi gramu 0.1. Kwa shanga moja moja, tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01.
- Lenzi ya sonara inayokuza mara 10, pamoja na taa ndogo yenye mwanga mweupe.
- Taa ya miale ya urujuanimno (UV) ya nanomita 365.
- Asetoni. Dawa ya kutoa rangi ya kucha inafaa iwapo tu ina asetoni ndani yake, kwa hiyo soma lebo kwanza, kwa kuwa nyingi za siku hizi hazina.
- Vijiti vya pamba vya masikio, uzi mwembamba, sabuni isiyo kali na kitambaa laini.

Sindano ya moto haimo katika orodha hii, na sababu zake zimeelezwa mbele.

## Unachokitafuta

Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliokaa ardhini kwa mamilioni ya miaka hadi ukawa mgumu kabisa. Ile ya pwani za Bahari ya Baltiki, ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika mapambo, inakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 34 hadi 48. Ni kito chepesi mno: uzito wake ni kati ya mara 1.05 na 1.10 ya maji ya ujazo uleule. Ni laini pia, kwani ugumu wake ni 2 hadi 2.5 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, na si baridi ukiishika.

Wapinzani wake wanagawanyika katika makundi matatu. La kwanza ni bandia nzito, yaani plastiki za aina mbalimbali na kioo: akriliki yenye uzito wa karibu 1.18, bakelaiti ya karibu 1.25 hadi 1.30, kaseini na seluloidi zilizo nzito zaidi ya hapo, na kioo kinachofikia karibu 2.5. La pili ni bandia nyepesi, ambazo ni polistireni, plastiki yenye uzito wa karibu 1.05, na sandarusi, utomvu mchanga ambao haujakomaa kuwa kaharabu. Kundi la tatu ni gumu zaidi kulibaini kwa sababu kwa asili yake si bandia: ni kaharabu ya kushindiliwa, iliyotengenezwa kwa kupasha moto vipande vidogo na kuvigandamiza hadi vishikane kuwa donge moja.

## Hatua ya 1: Tambua bangili yako imetengenezwaje

Iweke mezani na uamue ni ya namna gani kati ya hizi: bangili ya kipande kimoja iliyokatwa kama pete kubwa, bangili ya shanga au vibao vilivyotungwa kwenye uzi wa mpira, au bangili ya fedha, dhahabu ama shaba iliyopachikwa vito.

Uamuzi huu ndio unaokuonyesha vipimo vinavyokuhusu. Bangili yenye chuma, bawaba au kifungo haiwezi kupimwa kwa maji ya chumvi wala kwa mizani, kwa sababu madini yataizamisha hata kama vito vyake ni halisi. Bangili ya namna hiyo itategemea lenzi, taa na asetoni peke yake.

Ya kipande kimoja inastahili kutiliwa shaka mapema. Ili kupata bangili ambayo tundu lake lina upana wa sentimita 6, fundi anahitaji donge la kaharabu lenye upana wa sentimita 8 hivi, lisilo na ufa unaolikatisha. Madonge ya aina hiyo ni adimu, na mengi yana ukungu, nyufa ndogo na tofauti za rangi. Kwa hiyo bangili nzima iliyo angavu pande zote, yenye rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho na inayouzwa kama kitu cha kawaida, mara nyingi ni plastiki au kaharabu ya kushindiliwa. Hiyo si hukumu bado, ila ni sababu tosha ya kuzikamilisha hatua zote.

Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa ndani na wa nje. Ukihisi mstari mwembamba ulionyanyuka ukizunguka bangili yote, huo ni mshono wa kalibu, na kito kilichokatwa kwa mkono hakina mshono.

Matokeo mazuri: unajua bangili ni ya aina gani, na hakuna mshono.

## Hatua ya 2: Ioshe na kuikausha

Tumia maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni, sugua kwa vidole, suuza, kisha ikaushe kwa kitambaa laini. Mafuta ya ngozi na mabaki ya manukato hushika viputo vya hewa vinavyoielesha bangili kwa uongo, na pia hung'aa chini ya taa ya urujuanimno.

Tahadhari: usitumie maji ya moto, mvuke wala mashine ya kusafishia vito kwa mitetemo. Kaharabu hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto. Shanga zilizotungwa kwa uzi wa pamba au hariri zipanguse tu kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa uzi uliolowa hulegea na kuoza.

## Hatua ya 3: Ichunguze kwa lenzi

Hatua hii haitaki haraka. Kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka kwa sababu haina kitendo kinachoonekana kama maji au moshi. Washa taa ndogo nyuma ya bangili, sogeza lenzi karibu na jicho, kisha sogeza bangili taratibu hadi picha iwe wazi. Izungushe kidogo kidogo hadi umeimaliza yote.

Anza na viputo. Katika kaharabu ya asili viputo huwa vya duara, vya ukubwa mbalimbali, na vimetawanyika bila mpango. Viputo vilivyorefushwa na kulala vyote upande mmoja ni dalili kubwa ya kushindiliwa, kwa kuwa mgandamizo ndio uliovivuta vikawa hivyo.

Kisha tazama mwendo wa rangi. Katika kipande cha asili ukungu mweupe au wa manjano huingia polepole katika sehemu angavu bila mpaka mkali. Katika kaharabu ya kushindiliwa utaona mipaka ya vipande vilivyounganishwa, mara nyingine kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu ya kahawia, ambayo ni ngozi ya nje ya kila kipande iliyokuwa imeungua kwa hewa kabla ya kugandamizwa. Pengine mipaka haionekani kama mistari, bali kama mawimbi yaliyofifia, mithili ya sukari inayoanza kuyeyuka ndani ya maji.

Unaweza pia kukuta visahani vya duara vinavyometameta ndani ya kito. Wauzaji huvisifu, na baadhi ya wanunuzi huvishuku. Ukweli ni kwamba visahani hivyo mara nyingi hutokea kaharabu inapopashwa moto ili iwe angavu. Kito ni halisi, lakini kimetibiwa, na muuzaji anapaswa kulisema jambo hilo. Rangi ya kijani iliyokolea nayo kwa kawaida hutokana na matibabu ya joto, au na rangi iliyopakwa upande wa nyuma wa kito. Bangili za zamani zenye wekundu wa cheri uliosawazika kote, kwa upande wao, mara nyingi hugeuka kuwa bakelaiti zikifika kwenye hatua ya maji.

Mdudu ndani ya kito si uthibitisho wa chochote. Wadudu wengi walionaswa katika utomvu ni wadogo, wamejikunja, mabawa yamepinda au mguu umekatika, na mara nyingi wamezungukwa na viputo na takataka za msituni. Mdudu mkubwa aliyetulia katikati kabisa ya kito, miguu yote ikiwa imepangwa sawasawa, yaelekea aliwekwa na mtu ndani ya plastiki. Katika kaharabu ya Baltiki tafuta kitu kidogo zaidi: vinyweleo vyenye umbo la nyota, ambavyo vilitoka kwenye miti ya mialoni. Hivyo vina uzito wa ushahidi kuliko mdudu mzima.

Matokeo mazuri: viputo vya duara visivyo na mpango, rangi inayoingiliana bila mipaka, na kasoro ndogondogo zinazotofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine.

## Hatua ya 4: Taa ya urujuanimno

Ingia kwenye chumba chenye giza, ipumzishe bangili juu ya kitambaa cheusi ambacho chenyewe haking'ai, kisha imulike kwa umbali wa sentimita chache. Kaharabu nyingi hutoa mng'ao wa buluu iliyopauka, mweupe wenye maziwa au kijani cha manjano. Sandarusi kwa kawaida hung'aa kwa unyonge au haing'ai kabisa, na bakelaiti hubaki gizani.

Usiifanye hatua hii kuwa mwamuzi. Uso wa kaharabu ya zamani uliobadilika rangi kwa hewa hung'aa kidogo kuliko sehemu iliyokatwa upya, na plastiki za aina fulani hung'aa vizuri tu. Faida yake kubwa ni kulinganisha: katika bangili ya shanga, shanga mbili zinazong'aa tofauti kabisa na wenzake zitakuonyesha mahali pa kudondoshea asetoni baadaye.

Tahadhari: usiielekeze taa machoni, wala usiitazame moja kwa moja.

## Hatua ya 5: Maji ya chumvi yaliyopimwa

Hapa ndipo wengi hukosea. Maelekezo yanayozunguka husema uongeze chumvi mpaka isiyeyuke tena. Maji yaliyoshiba chumvi hufikia uzito wa karibu 1.20, nao huo unatosha kuielesha hata akriliki. Ndiyo maana plastiki ya kawaida imepita kipimo hiki mikononi mwa watu wengi. Kwa upande mwingine, chumvi ya kubahatisha iliyo kidogo mno huzamisha kaharabu halisi, na mwenye bangili akakitupa kito cha kweli.

Yeyusha gramu 50 za chumvi katika mililita 250 za maji, au kiasi kilekile kilichozidishwa kulingana na ukubwa wa bakuli. Uwiano huu hutoa maji yenye uzito wa karibu 1.12, ambao ni zaidi ya ule wa kaharabu lakini pungufu ya ule wa akriliki, bakelaiti, kaseini na kioo. Ukikosa mizani, vijiko vya chai vinane vilivyosawazishwa vya chumvi laini vitakupa kiasi kinachokaribia gramu hizo 50, ingawa mizani ni bora. Koroga mpaka maji yawe meupe angavu tena, kisha acha yatulie.

Kwanza izamishe bangili katika maji matupu. Kaharabu inapaswa kuzama. Ikielea katika maji matupu, ama ina uwazi ndani, ama ni kitu kingine kabisa. Halafu iingize kwenye maji ya chumvi kwa pembe ili hewa isishikwe tunduni, futa viputo kwa kidole, isukume hadi chini na uiachie.

Matokeo mazuri: inazama katika maji matupu, kisha inapanda yenyewe kutoka chini ya maji ya chumvi.

Kuzama katika maji ya chumvi ni jibu kamili: hiyo si kaharabu, mradi haina madini ndani yake. Kuelea ni jibu nusu tu, kwa kuwa polistireni na sandarusi nazo zimeelea.

Suuza bangili kwa maji matupu mara moja na uikaushe. Chumvi ikikaukia juu yake hufifisha mng'ao na huingia kwenye nyufa ndogo.

## Hatua ya 6: Namba kutoka kwenye mizani

Hatua hii ni ya hiari, ila inafaa sana kwa bangili nzito ya kipande kimoja ambayo inapanda kwa kusitasita katika maji ya chumvi. Hakikisha mizani inabeba uzito wa bakuli lililojaa maji. Mizani nyingi ndogo za sonara hazibebi.

Pima bangili ikiwa kavu na uandike uzito. Weka bakuli la maji matupu juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Ining'inize bangili kwa uzi hadi izame yote, bila kugusa chini wala kandokando, halafu soma namba. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Tuseme bangili kavu ina gramu 34.6, na ikining'inia majini mizani inasoma 32.0. Jibu ni 1.08, ambalo limo ndani ya mipaka ya kaharabu. Bangili ya akriliki yenye uzito uleule ingesoma 29.3 hivi, na jibu lingekuwa 1.18. Rudia kipimo mara mbili tatu. Majibu yakitofautiana sana, kuna kiputo kilichoshikwa au uzi mnene unaoingia majini.

## Hatua ya 7: Tone la asetoni

Fika hapa tu kama bangili imepita maji ya chumvi, au kama ina madini na maji hayakufaa. Fungua dirisha na uzime kila moto ulio karibu, kwa sababu asetoni hushika moto upesi.

Chagua mahali pasipoonekana: upande wa ndani wa bangili, au ukingo wa tundu la shanga. Gusa hapo kwa kijiti cha pamba kilicholowa asetoni ili libaki tone moja. Asetoni hukauka haraka, hivyo ongeza tone la pili, subiri sekunde 30 tangu mwanzo, kisha bonyeza kwa ncha ya kidole. Futa. Usizidishe dakika moja.

Sandarusi hulainika, hunata kidoleni na huacha alama ya kidole juu yake. Polistireni huyeyuka na kuwa na ukungu uliochubuka. Kaharabu hubaki kavu na ngumu.

Tahadhari: bangili nyingi za kisasa zimepakwa vanishi, nayo vanishi hunata kama sandarusi. Pakinata, futa hadi vanishi itoke, subiri pakauke, kisha rudia palepale. Pakiwa pagumu mara ya pili, kilichonata kilikuwa vanishi. Pakiendelea kunata, ni utomvu wenyewe.

Matokeo mazuri: kidole hakishiki kitu, na ukipatazama kwa lenzi huoni tofauti.

## Kwa nini sindano ya moto imeachwa

Wengi huisifu kwa sababu kaharabu iliyochomwa hutoa harufu nzuri ya utomvu wa misonobari. Lakini sandarusi nayo ni utomvu na hunukia vizuri, kwa hiyo sindano hushindwa palepale ambapo msaada unahitajika. Huacha shimo la kudumu, hupasua kaharabu iliyo dhaifu, na bangili ya zamani ikiwa ya seluloidi inaweza kulipuka kwa moto mkononi mwako. Kwenye bangili isiyo yako, ambayo bado iko mikononi mwa muuzaji, kufanya hivyo ni kuharibu mali ya mtu.

## Kuyasoma matokeo kwa pamoja

Ikizama katika maji ya chumvi, ni plastiki nzito au kioo. Ikielea na kunata kwa asetoni, ni sandarusi. Ikielea na kuyeyuka, ni polistireni. Ikielea, isinate, na lenzi ikaonyesha viputo vilivyolala upande mmoja au mipaka ya vipande, ni kaharabu ya kushindiliwa: dutu ni halisi, lakini thamani yake haiwezi kulinganishwa na ya kipande cha asili. Ikielea, isinate, na lenzi isipate dosari hizo, una sababu nzuri ya kuamini kuwa ni kaharabu.

Sandarusi si kitu cha kutupa. Ni pambo zuri iwapo limeuzwa kwa jina lake. Tatizo lake ni kwamba bado ina mafuta yanayopotea hewani, na kadiri yanavyopotea uso hujaa nyufa ndogo zenye mtandao, hasa bangili inapokaa juani. Ivae mbali na joto na manukato, wala usitarajie irithishwe bila kubadilika.

## Wakati wa kwenda maabara

Vipimo vya nyumbani havisemi kaharabu imetoka wapi, na kwa kaharabu ya kushindiliwa iliyotengenezwa kwa ustadi lenzi ya mara 10 inaweza kushindwa. Kama unanunua bangili ya kipande kimoja kwa fedha nyingi, omba cheti cha maabara ya vito kabla ya kulipa. Maabara hutumia spektroskopia ya infraredi, yaani kipimo cha jinsi kito kinavyofyonza mwanga usioonekana, ambayo kwa kaharabu ya Baltiki huonyesha umbo la pekee linalofanana na bega kati ya namba 1250 na 1150 za mawimbi kwa sentimita.

Cheti chenyewe kisome kwa makini. Tafuta mistari mitatu: dutu ni kaharabu au ni sandarusi, ni ya asili au ya kushindiliwa, na imetibiwa kwa joto au rangi au haijatibiwa. Cheti kinachoishia kwenye mstari wa kwanza kimeacha swali linaloamua bei, kwa hiyo kirudishe na uombe mingine miwili ijazwe.